Vigezo na masharti kuzingatiwa, lakini na nani?

 

Ndugu msomaji, sauti hiyo unaijua. Tangazo la redio linaanza taratibu, neno moja moja, kama bibi harusi anayeshuka ngazi: utajishindia pikipiki, utapata dakika za bure, utakopa papo hapo bila dhamana. Likifika mwisho, mtangazaji anabadilika ghafla, anasema kama mtu anayefukuzwa na nyuki: "Vigezonamashartikuzingatiwa!" Kwisha. Watoto wetu wameshaigeuza kuwa mzaha. Baba akiahidi nguo za Idi, kijana anadakia pembeni: "Vigezo na masharti kuzingatiwa, baba," na nyumba nzima inacheka.

Tucheke, hakuna ubaya. Lakini tukishacheka tuulizane: vigezo hivyo na masharti hayo yanazingatiwa na nani? Maana kampuni inayazingatia sana, tena ina mawakili wanaolipwa kwa kazi hiyo hiyo. Wewe uliyebonyeza "Nakubali" ukiwa umesimama ndani ya daladala ya Mbagala, mkono mmoja umeshika bomba na mkono mmoja simu, umeyazingatia lini?

Katika Uislamu mkataba si jambo dogo. Aya ya kwanza kabisa ya Suratul-Maida inawaita walioamini na kuwaamrisha watimize mikataba. Suratul-Israi (17:34) inatutahadharisha kwamba ahadi ni yenye kuulizwa. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya 282 ya Suratul-Baqara, haizungumzii Swala, wala Hijja, wala mirathi. Inazungumzia deni. Deni liandikwe, muda wake ujulikane, mwandishi awe muadilifu, mashahidi wawepo. Na anayetaja maneno ya kuandikwa awe ni yule anayedaiwa. Akiwa mnyonge au hawezi kutaja mwenyewe, msimamizi wake ataje kwa niaba yake kwa uadilifu.

Litazame vizuri hilo la mwisho. Anayetaja maneno ya mkataba ni mdaiwa, yaani yule mnyonge katika mapatano, ili lisiandikwe juu yake jambo asilolijua. Leo mambo yamepinduliwa miguu juu. Mwenye mali ndiye anayeandika, tena peke yake, kwa Kiingereza cha mahakamani, kwa herufi za ukubwa wa chembe ya ufuta, kurasa na kurasa, na mdaiwa hakuachiwa kazi yoyote ila ya kidole gumba.

Wapo wanaodhani kwamba kubonyeza si kusema. Eti ulimi ndio unaofunga ahadi, kidole kinacheza tu. Hao nawakumbusha kisa cha Malaysia cha mwaka 2003, pale mahakama ya kisharia ilipoikubali talaka ambayo mume aliituma kwa meseji. Ubishi ulikuwa mkubwa, ndani na nje ya nchi ile. Lakini kama kidole kinaweza kuvunja nyumba, kitashindwaje kufunga deni? Na hapa kwetu tulipanga foleni ndefu tukitafuta namba ya NIDA ili tusajili laini zetu kwa alama za vidole kabla ya Januari 20, 2020. Serikali inakiamini kidole chako. Kampuni za simu zinakiamini. Sisi tunaosoma katika Suratul-Qiyama kwamba Allah (s.w.) ni muweza wa kuzirejesha hata ncha za vidole vyetu, na katika Yasin kwamba mikono itasema siku hiyo, ndio tukione kidole ni cha mchezo?

Wazungu wenyewe, ambao ndio waanzilishi wa mikataba ya namna hii, wamekwisha kutuonesha kwamba haisomwi. Tena walionesha kwa mzaha. Tarehe 1 Aprili 2010 kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiuza michezo ya kompyuta, GameStation, ilichomeka katikati ya masharti yake kifungu kinachosema kuwa mteja anaipa kampuni haki ya kuidai roho yake ya milele. Palikuwa na nafasi ya kukataa, na aliyekataa alipewa vocha ya pauni 5. Wateja wapatao 7,500 walipita hivi hivi, wakaiacha roho dukani. Mwaka 2017 kampuni ya Purple ya Manchester, inayohusika na Wi-Fi ya bure katika maeneo ya umma, ikaandika kwamba atakayeingia atalazimika kufanya kazi za kijamii kwa saa 1,000, zikiwemo kusafisha vyoo na kukumbatia paka na mbwa wa mitaani. Katika muda wa wiki mbili watu 22,000 walikubali. Aliyegundua ni mmoja tu. (Muislamu wa madhehebu ya Shafii angekuwa na suala jingine hapo, la kuosha mara saba, lakini tuliache.)

Kampuni hizo zilisema zilikuwa zinatania, na hakuna roho iliyodaiwa. Kisheria pia biashara ile ilikuwa batili tangu mwanzo, kwani Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam (r.a.) kuuza kitu asichokuwa nacho, na roho ni katika mambo ya Mola wetu, haikuwa mali ya mteja hata aigawe. Kanuni hiyo, kwamba hutoi kisichokuwa chako, naomba msomaji aishike mkononi, tutaihitaji mbele kidogo.

Tuwe wakweli: kuyasoma masharti yote haiwezekani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani walipiga hesabu, wakakuta kwamba mtu akitaka kusoma sera za faragha za kila tovuti anayoitembelea kwa mwaka, atatumia zaidi ya saa 200. Hiyo ilikuwa kabla ya simu za kupangusa kuingia kila mfuko. Kwa saa hizo mtu anahitimu Qur'an mara kadhaa na bado akabakiwa na muda wa kulala. Hakuna mwanachuoni atakayekwambia uache kazi ukae usome masharti ya tochi ya simu.

Kwa sababu hiyo wengi wetu tumeangukia katika moja ya njia mbili. Wa kwanza anasema, "Hayo maandishi hayana maana, mimi nabonyeza tu." Wa pili anasema, "Nimeshakubali, basi tena, nifanyeje?" Huyu wa pili ndiye anayelipa chochote anachodaiwa, anakatwa salio kila alfajiri kwa ajili ya huduma ya meseji za nyota na mapenzi asiyojua alijiunga lini, na anaona ni kadari.

Kuna na wa tatu, anayechekesha zaidi. Huyu anabonyeza "Nakubali", kisha anaweka tangazo kwenye ukurasa wake: "Mimi fulani natangaza kuanzia leo kwamba siipi Facebook ruhusa ya kutumia picha zangu." Tangazo hilo lilivuma sana duniani mwaka 2012 na kila baada ya muda hufufuka. Sasa ndugu yangu, umepanga chumba Buguruni, umetia saini, umepokea funguo, halafu unabandika karatasi mlangoni kwako kwamba kodi hulipi. Mwenye nyumba atakusomea? Sharti huwekwa kabla ya mkataba kufungwa, na huwekwa mbele ya yule wa pili naye akaridhia. Januari 2021 WhatsApp ilipoleta masharti mapya, magrupu yetu yalijaa wito wa kuhamia Telegram na Signal. Watu walihama kweli. Kisha ikaja harusi, kamati ikawa iko WhatsApp, tukaonana tena huko huko.

Basi Uislamu unasemaje kati ya anayedharau na anayejisalimisha? Turudi Madina, kwa Bi Barira (r.a.).

Barira alikuwa mtumwa. Akaandikiana na mabwana zake ajikomboe kwa wakia tisa za fedha, kila mwaka wakia moja. Akaenda kwa Bi Aisha (r.a.) kuomba msaada. Bi Aisha akasema yuko tayari kutoa kiasi chote kwa mkupuo, amkomboe, na ule uhusiano wa urithi unaotokana na kuacha huru uwe wake yeye Aisha, kama ilivyo sheria. Mabwana wakagoma. Pesa wanazitaka, lakini wakaweka sharti kwamba haki ile ya urithi ibaki kwao. Yaani wauze na bado wawe nayo. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alimwambia Bi Aisha amchukue Barira, kisha akasimama mbele ya watu, akamhimidi Allah, akauliza wana nini watu wanaoweka masharti yasiyokuwemo katika Kitabu cha Allah. Akabainisha kwamba sharti lolote lisilokuwemo katika Kitabu cha Allah ni batili, hata yakiwa masharti mia. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Masharti mia! Msomaji atazame utajo wa idadi hiyo. Wingi wa masharti haujawahi kuwa hoja. Mwenye nguvu anaweza kujaza vitabu, na mnyonge akatia saini kwa sababu anataka uhuru wake, na bado sharti la dhulma likatupwa nje huku mkataba wenyewe ukibaki. Barira aliachwa huru. Sharti ndilo lililokufa.

Lakini upande wa pili ipo hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba Waislamu wanafungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kwa hiyo yule bwana wa "mimi nabonyeza tu" naye hana pa kutokea. Ukikubali kulipia king'amuzi kila mwezi, lipa. Ukikubali kwamba bando lako linaisha saa sita usiku, usiitukane kampuni saa sita na nusu.

Sasa tuingie kwenye mambo yanayoumiza.

La kwanza ni lile la kutoa kisichokuwa chako. Programu nyingi, hasa hizi za mikopo, kabla hazijakupa kitu zinaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo katika simu yako. Unabonyeza. Hapo umetoa namba ya mama mzazi, mama mkwe, imamu wa msikiti, mwalimu wa madrasa ya watoto, bosi wako, na yule binti wa dukani aliyekupa namba kwa sababu ya deni la mchele. Watu mia nne, wote umewasemea "nakubali" bila hata mmoja kuulizwa. Namba ya mtu ni amana. Alikupa wewe, hakumpa mtu aliyekaa nyuma ya kompyuta usiyemjua jina.

Na mwisho wa hadithi mnaujua wakazi wa mijini. Siku ya malipo ikipita, meseji zinaanza kutua kwa watu wote hao. Mama mmoja muuza vitumbua alikopa shilingi elfu thelathini ili alipe ada ya mtoto. Alipochelewa, ustadhi wa madrasa akapokea ujumbe kwamba mama huyo ni tapeli, na kwamba yeye ustadhi ametajwa kuwa mdhamini wake. Ustadhi akampigia: "Mama Shabani, kuna jambo gani huko?" Mama akakata simu kwa haya. Wiki mbili mtoto hakuonekana madrasa. Hakutaka kukutana na macho ya ustadhi mlangoni. Ndio maana watu wa Dar es Salaam wakaipa mikopo hii jina la kausha damu, na jina halikukosea.

Dini yetu inamtaka anayedai, akimkuta mdaiwa yuko katika dhiki, ampe muda mpaka apate wepesi (2:280). Inamsifu anayesitiri aibu ya Muislamu. Mwenye uwezo akichelewesha deni makusudi, hiyo ni dhulma, na Mtume (s.a.w.) ameiita hivyo. Lakini kumtangaza mama wa vitumbua kwa mkwewe si njia ya kudai. Sheria za nchi pia zimeanza kuliona hilo. Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa mtandaoni ziliwakataza kuwafuata watu walio katika simu ya mdaiwa ili kumuaibisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ni vizuri msomaji ajue kwamba anayo mahali pa kushitaki. Wengi wanaodhalilishwa hawaendi popote, kwa sababu wanaona aibu ni yao.

Tusidhani kwamba ni programu za mikopo tu. Novemba 2020 jarida la mtandaoni la Motherboard lilifichua habari ya Muslim Pro, programu ya nyakati za Swala na kibla iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani. Ilibainika kuwa taarifa za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni ya X-Mode, na kampuni hiyo ilikuwa ikiziuza kwa wakandarasi na kupitia kwao zikafika katika jeshi la Marekani. Baada ya kufichuliwa, Muslim Pro ilitangaza kuukata uhusiano huo. Lakini lilikuwa limeshatokea. Muislamu anauliza kibla kiko wapi, nao wanauliza yeye yuko wapi.

La pili ni riba, na hapa sitazunguka.

Novemba 2012 Safaricom na benki moja ya Kenya walianzisha M-Shwari. Unakopa kwa simu, unalipa baada ya siku 30 pamoja na asilimia 7.5. Haikuitwa riba, iliitwa ada ya uwezeshaji. Januari 2019 ikaja Fuliza: ukitaka kulipa na salio halitoshi, mtandao unakujazia, unakatwa asilimia 1 ya kuingilia, kisha ada ya kila siku mpaka umalize. Mwezi Oktoba 2022 ada hizo za kila siku zikapunguzwa. Kwa Kiswahili kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma, na aliyechagua jina hilo alikuwa mkweli kuliko waandishi wote wa masharti. Hapa Tanzania tuna Songesha na ndugu zake. Songesha, nipige tafu, niwezeshe: majina yote ya kirafiki, kama vile ni jirani anayekuinua ulipoanguka.

Waarabu wa zama za ujahiliya siku ya deni ilipofika walikuwa wakimuuliza mdaiwa: unalipa au unazidisha? Angalau waliuliza. Simu haiulizi. Inasubiri saa sita za usiku, inazidisha yenyewe, na asubuhi inakutumia meseji ya heri. Katika hotuba ya Hijja ya kuaga Mtume (s.a.w.) aliifuta riba yote ya kijahiliya, na ya kwanza aliyoifuta ni ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdulmuttalib (r.a.). Hakuanza na ya watu wa mbali. Kubadilisha jina la kitu hakubadilishi hukumu yake. Mvinyo ukiitwa sharubati haunyweki.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba wamelaaniwa mla riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na kwamba wote hao ni sawa. Chukua mkopo wa simu uwahesabu. Mla riba ni wenye kampuni. Mwandishi ni kompyuta. Mashahidi ni kompyuta. Kompyuta haina hesabu kwa Mola wake. Katika orodha hiyo aliyebaki na pumzi upande huu wa mkataba ni wewe.

Swali la kukopa muda wa maongezi huulizwa sana, hasa Ramadhani. Wanazuoni wametofautiana. Wapo wanaosema salio la kupiga simu si fedha, ni huduma inayouzwa, na kuiuza kwa bei kubwa zaidi kwa mtu atakayelipa baadaye ni biashara inayokubalika, mradi bei ijulikane tangu mwanzo na isiongezeke kwa kuchelewa. Wapo wanaosema kampuni yenyewe inakuita mkopaji, inakupa kiasi na kudai zaidi ya kiasi, basi ni mkopo wenye ziada. Maelezo ya wale wa kwanza yana nguvu pale ambapo salio lile halihamishwi wala haligeuzwi kuwa pesa. Mwenye kujiepusha amejiepusha na shaka. Lakini mtu asichanganye hilo na mkopo wa pesa taslimu unaoongezeka kila siku. Huo hauna tofauti ya rai inayostahili kutajwa hapa.

Nasikia msomaji akisema: ni rahisi kuandika gazetini, lakini saa tano ya usiku mtoto ana homa na duka la dawa linataka elfu ishirini, nimwendee nani? Swali hilo ni la haki na halijibiwi kwa aya peke yake. Simu inakopesha saa tano ya usiku. Haikuulizi ulizitumiaje za juzi, haikusimangi mbele ya shemeji, haikwambii "ungekuja jana". Inasimanga baadaye. Msikiti una watu mia tatu swala ya Ishaa, bega kwa bega, na yule wa safu ya pili hana wa kumuomba elfu ishirini mpaka Ijumaa. Tuna sanduku la ujenzi wa mnara, tuna sanduku la mazulia, tuna kamati ya Maulidi. Sanduku la karadha njema, la mikopo midogo isiyo na ziada, katika misikiti mingapi ya mjini lipo? Mabenki ya Kiislamu tunayo. Amana Bank ilifungua milango Dar es Salaam mwaka 2011. Lakini benki haikopeshi elfu ishirini usiku. Hilo ni la jirani na la msikiti. Mikopo hii ya simu ilikuta pengo tuliloliacha wazi sisi wenyewe, na kuihutubia mimbarini bila kuliziba pengo ni kupoteza muda wa Ijumaa.

Hata uaminifu wetu sisi kwa sisi unahusika. Mtu anakopa kwa rafiki kwa kuapa, kisha anazima simu. Anakopa kwa kampuni, analipa kabla ya saa sita. Kampuni inaogopwa, rafiki anaonewa. Halafu tunashangaa kwa nini marafiki wamefunga mifuko.

Sasa, kwa kuwa kusoma yote haiwezekani, kipi hakikwepeki? Kwa maoni yangu, pale mkataba unapogusa pesa au taarifa za watu wengine, Muislamu hana ruhusa ya kubonyeza akiwa gizani. Ajue anachukua kiasi gani na atarudisha kiasi gani. Ajue nini kitaongezeka akichelewa siku moja. Ajue wanachukua nini kutoka katika simu yake, na akiombwa orodha ya majina akatae; programu ya tochi haina haja na namba ya mkweo. Na ajue mlango wa kutokea uko wapi kabla hajaingia. Mambo hayo hayahitaji saa 200. Asipoyapata katika dakika tano, basi yamefichwa kwa makusudi, na biashara iliyofichwa namna hiyo inaingia katika gharar aliyoikataza Mtume (s.a.w.).

Wazee wetu wasioweza kusoma, ambao simu zao wanabonyezewa na wajukuu, wanaguswa na ile sehemu ya aya ya 282 inayomtaja msimamizi. Mjukuu ndiye msimamizi. Akimbonyezea bibi "Nakubali" ili yeye apate kurudi kwenye mchezo wake, na bibi akakatwa mia tano kila wiki kwa meseji za ligi ya Uingereza, deni hilo ni la mjukuu. Mwambieni hivyo hivyo, mbele ya bibi.

Ama yule ambaye tayari yuko ndani ya mkopo wa ziada, asiupige chenga kwa kubadilisha laini, kwa maana mtaji wa watu uko mikononi mwake na ada inaendelea kuhesabu. Aumalize kwanza kwa njia ya haraka iliyo halali, auze kitu ikibidi, aombe ndugu. Atubu kwa Mola wake, kisha aifunge huduma yenyewe, maana ikiachwa wazi itamkopesha tena siku asiyotarajia, ananunua umeme tu. Kuifunga kunataka subira. Kujiunga kulikuwa namba moja kwenye orodha. Kujitoa kumewekwa ndani ya "mengineyo", ndani ya "akaunti yangu", ndani ya "mipangilio". Ukifika utaulizwa kama una hakika. Ukisema ndiyo, utaulizwa tena, safari hii kwa maneno marefu yanayotaja faida utakazozikosa. Yasome yote mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. Kisha bonyeza "Nakubali".